Nyumba Moja Haishtaki Moshi

Kasingirima, Ujiji
4 Juni 2023

Mtani wangu Dismasi,

Mwakeye. Nimeanza kwa salamu yenu, maana nikianza kwa yangu utasema Wanyamwezi hatuna adabu, tunasalimia huku tunatembea. Ninyi Waha mnapiga makofi na kusalimiana mpaka chai inapoa. Ndiyo maana reli ilipofika hapa ikaishia, ilikuwa inangoja mmalize salamu.

Barua hii nampa Hamdani wa mikate, anayepita Kidahwe na pikipiki yake kila Jumanne na Ijumaa. Ningekupigia simu, lakini wewe na masikio yako uliyoyaacha kwenye injini ya meli tungeishia kupigiana kelele hadi mwanao Regina atunyang'anye simu wote wawili. Afadhali karatasi. Karatasi haisemi "eee?" kila baada ya neno.

Sasa sikiliza. Tangu ulipofunga nyumba yako baada ya Pasaka ukaenda kulinda michikichi ya marehemu baba yako, mtaa huu umebaki na mimi na kufuli lako. Yunisi naye kahama mwezi uliopita, kaenda kwa mwanawe Kibondo. Wale wa upande wa juu walihama siku nyingi, unakumbuka. Asubuhi nikifungua mlango natazama kufuli lako, nalo linanitazama. Nimeanza kulisalimia, Dismasi. Linaitikia vizuri kuliko wewe.

Moshi ndio ule ule, ila umeongezeka. Zamani kiwanda kilikuwa kinachoma makapi ya mawese tu, tukasema basi, ni moshi wa jiko kubwa. Siku hizi matangi ya sabuni yanachemshwa kwa oili chafu na matairi chakavu. Jioni upepo ukilala moshi unashuka, mweusi, mzito, unaingia ndani bila hodi. Nguo zangu nazianika chumbani. Tangi la maji ya mvua nimelifunika kwa bati, na bado nikichota naona utando mweusi juu ya kata.

Nimekwenda halmashauri kwa afisa wa mazingira. Kijana mpole, kanipa kiti. Akaniambia, "Mama, ikilalamika nyumba moja tunaandika ni ugomvi wa majirani. Zikilalamika mbili zinazopakana na kiwanda, hapo tunaita wakaguzi." Nikamwambia nyumba ya pili ipo, ya Mzee Dismasi. Akauliza, anaishi humo? Nikasema anaishi, kasafiri tu. Kwa hiyo nimeshasema uongo kwa ajili yako, na kunitoa humo ni juu yako.

Njoo siku moja tu. Ukae uani kwako, useme mbele yao yale uliyokuwa ukiniambia mimi juu ya ua kila jioni. Kisha urudi kwenye michikichi yako.

Mimi mtani wako,
Yasmini binti Ramadhani


Kidahwe
16 Juni 2023

Mnyamwezi,

Barua yako imefika inanukia mikate. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba umenikosa. Sikupaona. Nadhani uliogopa Hamdani asije akasoma.

Huku ni kuzuri. Upepo unatoka milimani, unanukia majani. Usiku silali kitandani, nalala kwenye kiti barazani nikilinda mikungu ya chikichi isiibiwe. Regina ananipangia mito mgongoni, mmoja juu ya mwingine. Ukinikuta utadhani natawala.

Kuja siwezi. Nina jogoo nimemnunua juzi, hajanizoea, nikiondoka atasema nimemtelekeza. Tena ninyi si ndio mlikuwa wapagazi? Mababu zako walibeba pembe za watu kutoka hapo hapo Ujiji hadi pwani, leo wewe unashindwa kubeba malalamiko kidogo mpaka halmashauri. Jitwike, mwanamke. Ukichoka pumzika Tabora, ndugu zako watakukanda miguu.

Kikohozi changu nimekuachia huko, kitunze.

Usikae uani jioni. Hili si utani. Funga madirisha ya upande wa kiwanda, na kama bado una jamaa Tabora nenda ukakae nao kidogo. Basi, nimemaliza ukali wangu wa mwaka huu.

Dismasi


Kasingirima, Ujiji
9 Julai 2023

Mtani,

Mwakeye tena. Jogoo hajambo?

Habari ya kufunga madirisha nimeisoma. Tangu lini Muha akawa daktari? Tabora siendi. Nyumba hii aliijenga marehemu Salumu wangu, na nikiiacha Adolf wa kiwanda ataweka humo magunia ya magadi kabla sijafika stesheni.

Nikupe habari za mkutano wa mtaa. Utacheka, kisha hutacheka.

Mwenyekiti aliita watu pale shuleni Jumamosi, na Mzee Adolf mwenye kiwanda akaja mwenyewe na shati lake la kitenge. Watu walikuwa wengi, ila wengi ni wa mitaa ya mbali, moshi wanauona tu, hawaumezi. Nilikuja na lile shuka langu jeupe nililolisahau nje siku moja likalala na masizi. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga vizuri, moja baada ya jingine, kama nilivyokuwa nikipanga somo la darasa la sita.

Adolf aliponiona nimesimama akasema kwa sauti, "Huyu ni mtani wangu, Mnyamwezi, msimsikilize, amekuja kudai mahari yake." Watu wakaangua kicheko. Na mimi unanijua, ulimi wangu ukichokozwa haungoji ruhusa. Nikalikunjua shuka, nikamwambia, "Mume wangu, hii ndiyo sanda uliyoniandalia? Mbona umeitia rangi kabla sijafa?" Nikamvika shingoni. Nikasema Muha akipika sabuni hata nguo safi inachafuka. Nilisema yote, Dismasi. Matairi, oili, maji, kifua, watoto wa shule wanaopita wamefunika pua. Sikuacha kitu. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Adolf alicheka kuliko wote, akaagiza niletewe katoni ya sabuni. "Fulia, mtani, tusije tukaachana." Mkutano ukafungwa kwa dua.

Nilirudi nyumbani na katoni kichwani, najiona shujaa. Nilipokaa kitandani ndipo nikaelewa. Katibu hakuandika hata mstari mmoja. Nani aandike utani? Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na anayeambiwa ana ruhusa ya kutojibu. Nimempiga Adolf mbele ya watu wote, naye kaondoka bila hata alama.

Sasa nakuandikia bila mzaha. Wakaguzi wanakuja tarehe 10 Agosti. Wamekubali kwa sababu nimewaahidi nyumba ya pili, na afisa kanionya kwamba wakikuta kufuli wataandika nyumba moja na faili litafungwa. Sikuombi ubebe kitu. Nakuomba ukae kwenye kiti, na kukaa kwenye kiti unasema umezoea.

Jioni ni ndefu sana hapa, Dismasi. Nikisikia mtu anapita njiani nainuka nikidhani ananijia mimi.

Yasmini


Kidahwe
20 Julai 2023

Mtani,

Mwandiko usiucheke. Kalamu ni ya Regina na meza ni goti langu.

Habari ya sanda nimeicheka mpaka Regina akaja mbio na maji. Tangu hapo kanikataza kusoma barua zako nikiwa nimeshiba.

Tarehe 10 siji. Jogoo kaoa wake wawili, kuna kesi, na hakimu ni mimi. Tena nimenenepa. Pikipiki ya Hamdani itapasuka tairi, na Adolf ataliokota alichome.

Waambie wakaguzi mwenye nyumba ya pili ni bwege, lakini kufuli lake lina akili, waliulize hilo.

Niandikie barua ndefu. Yangu ni fupi kwa sababu Muha akiwa na furaha hana maneno.

Dismasi


Kasingirima, Ujiji
13 Agosti 2023

Dismasi,

Wakaguzi walikuja na gari jeupe na kifaa chao cha kupimia hewa. Siku hiyo kiwanda kilikuwa kimya tangu alfajiri, hakuna hata harufu. Kuna mtu aliwatonya wenye kiwanda. Kifaa kikapima upepo wa ziwa. Wakaniuliza jirani yuko wapi, nikawaonyesha. Mmoja akaligusa kufuli lako kwa kidole, akaangalia kutu iliyobaki kwenye kidole, akaandika.

Nyumba moja.

Tumeishi ua kwa ua tangu nikiwa na meno yote. Salumu alipofariki, wewe ndiye uliyevaa koti lake na kofia yake ukapita mbele ya waombolezaji unatembea kama yeye, nikacheka nikiwa mjane wa saa tatu. Mkeo alipoondoka, mimi niliingia kwenye shimo la kaburi lake nikagoma kutoka hadi mnipe beberu, na wewe ukacheka huku machozi yanakutoka. Hivyo ndivyo tulivyosaidiana. Nilidhani utani ni kamba ya kufunga watu pamoja, kumbe kwako ni mlango wa kutokea. Kila nilipokuita ulipitia mlango huo.

Umekimbia, Dismasi. Umeponya roho yako ukaniacha mimi. Ungesema tu unaogopa, au hutaki, ningekuelewa. Usiniandikie tena habari za jogoo. Mimi si mtani wako. Mimi ni mwanamke aliyebaki peke yake mtaani anakohoa.

Yasmini binti Ramadhani


Kidahwe
17 Septemba 2023

Shikamoo mama Yasmini,

Natumaini ulifika salama siku ile ya mazishi. Uliondoka bila kuaga.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitalia au nitakosa adabu, na yote mawili baba asingependa.

Mama, tulikungoja. Baba alipofariki, jambo la kwanza wajomba walilouliza ni kama mtani wake amepewa habari. Yeye mwenyewe alikuwa ametuambia, "Nikifa msilie sana, Mnyamwezi atakuja kuwachekesha." Ulipofika watu walisogea kukupa nafasi. Wajomba walikuwa wameshaficha koti lake na viatu vyake usije ukavinyakua, na walikuwa wanacheka wakivificha. Ukasimama karibu na jeneza ukasema, "Leo sina utani." Kisha ukamgeukia Mzee Adolf, aliyekuja na magunia ya mchele na turubai la kivuli, ukamwambia mbele ya padri na wazee, "Huyu amekufa kwa moshi wako."

Hukupaza sauti. Ungepaza tungesema ni uchungu. Mzee Adolf aliondoka kabla ya maziko, na watu wake wakang'oa turubai, tukazika juani. Wajomba wamenuna mpaka leo. Hakuna aliyecheka kwenye msiba wa baba yangu, mtu aliyechekesha wenzake maisha yake yote. Hilo linaniuma, mama, sikufichi.

Lakini yapo mambo ambayo sasa naweza kukuambia, kwa kuwa aliyenikataza hayupo.

Baba hakuja kulinda michikichi. Michikichi ile ilikatwa zamani. Daktari alimwambia mapafu yake yamechoka mno, aondoke kwenye moshi haraka, naye akaondoka akiwa amechelewa. Alilala amekaa kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Hakunenepa, nilikuwa namwinua kwa mkono mmoja. Mwezi wa saba hakuweza kufika mlangoni. Nilimwambia tukuandikie ukweli, akakataa. Alisema, "Yule hana pa kwenda. Akijua moshi umenifanya nini, atakuwa anaogopa kila pumzi anayovuta." Jogoo hakuwapo.

Barua yako ya mwisho aliisoma mwenyewe, ameishika karibu na macho. Alicheka, mama. Alicheka mpaka nikaogopa. Akasema, "Huyu ananiweza. Hasira ameipika vizuri, ungedhani ni ya kweli." Akaiweka chini ya mto. Alifariki wiki ile ile.

Nataka unijibu kitu kimoja. Ile barua ilikuwa utani?

Regina


Kasingirima, Ujiji
25 Septemba 2023

Mwanangu Regina,

Marahaba.

Haikuwa utani.

Nimekaa na swali lako siku nyingi kuliko inavyostahili. Jibu la kukufariji lilikuwapo, jepesi kabisa, neno moja tu. Lakini tumefichana vya kutosha. Nilikuwa nimekasirika kweli, na kila neno nilitaka limchome. Naona haya, na nalia ninapoandika hivi, tena nalia vibaya, kwa sauti, maana hakuna wa kunisikia. Ukienda kaburini mwombee kwa niaba yangu, ila usimwambie kwamba haikuwa utani. Mwachie kicheko chake.

Sasa nikizisoma barua zake naona aliniambia yote. Kiti, mito, mwandiko unaoyumba. Aliandika kila kitu wazi, nami nikaona ni mzaha wa Muha. Alipofanya mzaha wa kutokuja, hapo ndipo nikamwamini. Nami nilipokasirika kweli, yeye akaona ni mzaha. Watu wengine wangeulizana, una nini, unaumwa? Sisi watani hatuulizani. Tunajibizana tu, na kila mmoja anajiona mshindi.

Kuhusu msiba. Nilikuja nimejiandaa, mwanangu. Mkobani nilikuwa na kofia kuukuu ya baharia, nilitaka niwaigizie anavyosikiliza simu. Walionipigia walisema tu ni kifua, na mimi kifua hicho nakijua. Nikafika, nikamwona Adolf kwenye kiti cha mbele, nikaona mambo yote yatakavyokwenda. Nitaanza utani, nitamtupia na yeye dongo la moshi, atacheka, atatoa noti, watu watapiga makofi, na baba yako atashuka kaburini pamoja na kichekesho changu. Nilishafanya hivyo mara moja na shuka. Kwa hiyo niliuweka utani kando nikasema kama mtu wa kawaida. Wewe ulikuwa unatazama jeneza, hukuona uso wake. Ilikuwa mara ya kwanza Adolf kunisikia.

Wajomba zako nawaomba radhi kwa lile jua. Waambie Mnyamwezi anakiri kosa, wasinune mpaka Krismasi.

Sasa nina ombi, na unaweza kulikataa. Maneno yale ya msibani yamefika mjini kabla yangu. Watu wanayasema sokoni bila kucheka. Afisa kaniita, kasema faili limefunguliwa upya, wakaguzi watarudi mwezi wa kumi, safari hii siku hawamwambii mtu. Nyumba ya pili sasa ni yako. Njoo ufungue kufuli, ukae barazani kwa baba yako kwa muda. Sitakufundisha la kusema. Waeleze tu jinsi alivyokuwa akilala.

Yasmini


Kidahwe
6 Novemba 2023

Shikamoo mama,

Nilifika salama, na watoto walikuwa hawajaua mtu. Asante kwa samaki. Mgebuka ule umewafanya wajomba wakutaje kwa jina tena.

Tangu nizungumze na wakaguzi pale barazani nilikuwa nangoja, na leo asubuhi nimesikia matangazo redioni, nikaita kila mtu aje asikie. Kwamba kiwanda kimeamriwa kurefusha bomba lake mpaka moshi usiangukie makazi yanayopakana nacho, na kisiwashe moto hadi kazi hiyo iishe. Mjomba Jeremia akasema, "Basi alikuwa na haki, yule mama." Kwake hiyo ni hotuba.

Nakuambia jambo ambalo sikuweza kulisema nikiwa huko. Nilikuwa nikilala chumbani kwa baba nakusikia unakohoa ng'ambo ya ua. Siku ya kwanza niliamka nikaenda kutafuta maji ya kumpa. Nilifika mpaka kwenye mtungi ndipo nikakumbuka.

Nyumba nimeifunga. Nisamehe, najua ulitumaini nibaki. Nina watoto, nina mashamba, na sikuweza kuvuta pumzi humo bila kumwaza yeye. Lakini hewa sasa itakuwa safi, labda watu watarudi kupanga.

Nadhani baba amepumzika.

Mwanao,
Regina


Kasingirima, Ujiji
3 Desemba 2023

Mwanangu Regina,

Marahaba. Kufunga nyumba sikulaumu. Ningekuwa na umri wako na miguu yako ningefanya hivyo hivyo.

Bomba limekamilika. Mafundi walikaa huko juu wiki mbili wakichomelea vyuma, na sasa linaonekana hata ukiwa kwenye mitumbwi katikati ya maji. Siku ya kwanza walipowasha nilisimama uani nikiangalia juu. Moshi ulipanda, ukapita juu ya paa langu na la baba yako, ukaenda zake. Nilianika nguo nje. Nilifungua madirisha ya upande wa kiwanda, yalikuwa yameganda, nikayagonga kwa nyundo mpaka yakaachia. Nililala fofofo. Nilifurahi, nisikufiche. Nilimshukuru Mungu na baba yako kwa mkupuo mmoja, na sheikh wetu akisikia hivyo ataniita.

Adolf alipita na gari akashusha kioo. "Mama Yasmini, umeridhika sasa?" Hakuniita mtani. Nikamwambia nimeridhika. Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe.

Juzi nilikwenda Gungu, kule mlimani, kumpa pole mwalimu mwenzangu wa zamani aliyefiwa. Jua lilikuwa limetoka kidogo baada ya mvua. Wakati wa kurudi nikakata njia katikati ya zile nyumba za kupanga za tofali mbichi, nikamkuta mama mmoja kapiga magoti anapangusa mihogo aliyoianika, mmoja mmoja, kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kilikuwa cheusi. Nilichukua muhogo mmoja nikaunusa. Kisha nikageuka nikatazama chini kuelekea ziwani, nikaliona bomba. Upepo wa ziwa ulikuwa unaupandisha moshi mlimani moja kwa moja, na pale ulipochoka ndipo ulipokuwa unashuka.

Anaitwa Concilie. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amekulia huku huku. "Amahoro, mama," akaniambia. "Sijui vumbi hili linatoka wapi safari hii. Tulidhani kuna mtu anachoma mkaa." Mwanawe wa mgongoni alikuwa anakohoa, na kikohozi kile mimi na wewe tunakijua. Nikamuuliza wamekwenda kusema popote? Akasema yeye ni mpangaji, karatasi zake za uraia bado zinazunguka ofisini, hawezi kwenda kujionyesha kwa wakubwa, na majirani zake wengi ni hivyo hivyo. Nikamwambia hili si vumbi, ni masizi ya kiwanda. Akaniuliza, "Wewe mama umejuaje kwamba ni masizi ya kiwanda?"

Regina, mimi ndiye niliyewapelekea. Wakaguzi waliponiuliza nataka nini, nilisema nataka moshi uondoke kwangu. Hawakuniuliza uende wapi, na mimi sikuwauliza. Nilikuwa peke yangu muda mrefu mno, nikasahau kwamba upepo una mwisho wa safari.

Nilimjibu ukweli. Nilimwambia moshi huu ulikuwa wangu. Nilitaka akasirike, ingenisaidia. Akasogea tu kwenye mkeka nikapata nafasi ya kukaa, akanipa kitambaa kingine, tukapangusa mpaka mihogo ikaisha.

Kesho narudi Gungu. Nitaanza kwa Concilie, kisha nyumba inayofuata, kisha inayofuata. Nitawaambia wenye karatasi na wasio na karatasi kwamba jina la kwanza litakuwa langu, ingawa afisa atasema mimi sipakani na mtu yeyote huko. Sijui kama mwenyekiti wao atanifungulia mlango. Kifua changu nacho kinalalamika nikipanda kile kilima, hilo nalisema wazi ili usije ukalisikia kwa watu.

Mwaka mzima nimeomba jirani mmoja tu wa kusimama naye. Leo ninao wa kilima kizima, na nimewapata kwa kuwatupia moshi wangu.

Mama yako,
Yasmini